Kumi na Sita kwa Ishirini na Tano

"Kumi na nne," alisema Lyle Rudnik, akaweka pensili mezani. "Kumi na nne kwa ishirini na tano."

Bernadine, mkewe, alivua miwani akajikanda macho. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya dirisha namba tatu katika mahakama ya jiji, Toledo, akipokea makaratasi ya watu wanaotolewa kwenye nyumba za kupanga. Aliweza kumtuliza baba aliyerudi kazini akakuta kitasa kimebadilishwa na watoto wamekaa barazani kwenye baridi. Maswali ya kwenye kitabu, hayo yalikuwa yamemshinda wiki ya tatu sasa.

"Nimekosa lipi tena?"

"La wapangaji."

"Hebu lisome."

Lyle alisoma polepole, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Wapangaji wote waliolipa kodi kwa wakati walibaki na nyumba zao. Bi Harper hakubaki na nyumba yake. Ikiwa hayo ni kweli, lipi kati ya haya lazima liwe kweli?"

"C. Mwenye nyumba alikuwa na sababu nyingine ya kumtoa."

"Kitabu kinasema A. Bi Harper hakulipa kwa wakati."

"Uongo mtupu! Lyle, mimi nimewaona kwa macho yangu. Watu wamelipa, risiti wanazo mkononi, na nje wametolewa vilevile."

"Kitabu hakijakuuliza umewaona wangapi, Bernie."

"Basi kitabu kijinga."

"Sawa. Lakini ndicho kinachotoa alama."

Hapo ndipo penye kisa chote. Mtihani wa kuingia chuo cha sheria hautaki ujue sheria hata chembe. Unakupa aya fupi ya mtu anayetoa hoja, halafu unakuuliza hoja hiyo imesimama juu ya nini, au imebomoka wapi. Zamani kulikuwa pia na mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, na Bernadine aliyaweza kweli, maana kupanga ratiba za mahakimu ndiyo kazi yake. Mwaka huohuo aliojiandikisha alikuta yamefutwa. Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya kusoma. Kusoma hakukumpa shida. Hoja zilimpiga chini kila jioni.

Alihitaji alama mia na hamsini na nane kati ya mia na themanini. Akizifikisha, kulikuwa na mfuko wa wafanyakazi wa mahakama ambao ungemlipia chuo cha jioni chote, na mfuko huo ulikuwa unafungwa mwaka ule. Mtihani wa Januari ndio uliokuwa wa mwisho kukubaliwa. Kwa hesabu yake, akipata ishirini kwa ishirini na tano kwenye hoja, mambo yangekaa sawa. Akikosa, angerudi dirishani kusubiri pensheni, huku juu ya kichwa chake pamebandikwa karatasi isemayo kwamba watumishi wa dirisha hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Sentensi hiyo alikuwa ameitamka mara nyingi kuliko jina la bintiye.

* * *

Kazi ya kusahihisha Lyle alijipa mwenyewe. Vitabu vya mitihani ya zamani vilikuwa na majibu mwishoni, na Bernadine alikuwa akichungulia. Lyle alizikata kurasa hizo kwa wembe, akazifungia kwenye kopo la biskuti, kopo akaliweka juu ya kabati. "Ukizitaka, utaniomba mimi," alisema. Mkewe alishangaa, maana ilikuwa sentensi ndefu.

Nyumba yao ilikuwa imeishiwa maneno. Tangu mgongo wa Lyle uharibike na kiwanda cha vioo vya magari kimpe mkono wa kwaheri, siku nzima alikuwa peke yake, na mke akirudi walibadilishana yaleyale. Umekula? Nimekula. Takataka umetoa? Nimetoa. Kisha televisheni iliwashwa iseme kwa niaba yao. Hawakuwa wamegombana, na pengine ingekuwa afadhali wagombane. Binti yao aliishi Arizona, na sikukuu zikifika alipiga simu akaongea na kila mmoja dakika nne nne.

Basi jioni ile ya Bi Harper, badala ya kwenda kuwasha televisheni, Lyle alibaki kitini.

"Unajua tulivyokuwa tukikagua vioo?" aliuliza.

"Ulikuwa unatazama."

"Kila mtu anatazama. Wageni walikuwa wakija wiki ya kwanza, wanasimama mbele ya kioo, wanakodoa, wanasema kiko safi. Kumbe wanatazama ukuta ulioko nyuma yake. Jicho linapita moja kwa moja. Lazima ulizuie jicho lisipite. Uone kioo chenyewe, hapo ndipo utaona kipele, mchirizi, povu."

"Sasa?"

"Sasa wewe kila swali unapita. Ukisikia mpangaji, unamwona yule mama wa Jumanne. Ukisikia hospitali, unamwona dada yako. Usipite. Bi Harper hayupo. Kuna sentensi mbili tu, tazama zimeshikanaje."

Bernadine alimwangalia mumewe kama aliyekuta fedha kwenye mfuko wa koti la zamani. Wakalirudia lile swali, kisha wakaenda kwenye jingine.

* * *

Wiki iliyofuata alipata kumi na sita. Kisha kumi na saba, kumi na saba tena, kumi na tisa. Sikukuu ya Shukrani ilipopita, mwishoni mwa Novemba, meza ya jikoni ilikuwa imechafuka kwa karatasi, na Lyle alikuwa ameanza kunyoa ndevu saa kumi jioni. Alipika. Hakuwa mpishi, alikuwa akichemsha soseji na kabichi na viazi mpaka vyote vinakuwa rangi moja, lakini Bernadine alivikuta mezani vikiwa moto, na alivila.

Na waliongea! Walibishana kuhusu popo wa kwenye swali la tisa, kuhusu meya wa mji usiokuwepo anayetaka kujenga daraja. Lyle alimtetea meya. Bernadine alimwambia hoja ya meya wake ina shimo la kupita lori. Lyle alicheka mpaka akashika mgongo.

"We mwanamke, mahakamani watakukimbia."

"Waanze kukimbia sasa, mimi nina miguu mibovu."

Mwanzoni mwa Desemba ilikuja barua kutoka chuoni kwa wote walioanza kuomba. Ndani mlikuwa na ratiba. Masomo ya jioni, kuanzia Agosti, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka saa tatu na robo, miaka minne. Bernadine aliibandika kwenye friji kwa sumaku. Lyle alisimama mbele ya friji akiwa na maziwa mkononi, akaisoma mpaka chini, akairudia.

Jioni ile Bernadine alifanya sehemu nzima kwa dakika thelathini na tano bila kukwama, akampa Lyle karatasi, akaenda kuosha vyombo ili asimwangalie akisahihisha. Lyle alitoa kurasa zake koponi. Alihesabu mara moja, akahesabu mara ya pili. Ishirini na mbili. Alifurahi, jamani, tusimnyime haki yake. Kisha akaona mgongo wa mkewe pale kwenye sinki, akawaza sinki ile bila mtu, kuanzia Agosti.

"Vipi?" aliuliza Bernadine.

"Kumi na sita," alisema Lyle.

Mabega ya mkewe yalishuka. Lyle alitamani kulirudisha neno lile, na alikuwa na nafasi ya kulirudisha. Hakulirudisha.

* * *

Uongo wa namna hiyo unataka kulishwa kila siku. Ishirini na tatu ikawa kumi na tano. Ishirini na moja ikawa kumi na sita. Ili asikamatwe, Lyle alichagua maswali magumu aliyoyapata mkewe, akayawekea alama ya kukosa, na Bernadine alipouliza jibu sahihi alimtajia herufi yoyote ile. Kisha walikaa saa nzima, wawili, wakitafuta kwa nini jibu la uongo lilikuwa la kweli. Bernadine ndiye aliyekuwa akitokwa jasho. Ukimlazimisha mtu mwenye akili aelewe upuuzi, mwisho ataona akili yake ndiyo mbovu.

"Nilikuwa naelewa," alisema jioni moja. "Mwezi uliopita nilikuwa naelewa. Imekuwaje?"

"Uchovu. Ahirisha mpaka Aprili."

"Aprili mfuko umeshafungwa, Lyle. Nimekwambia."

"Kuna mwaka kesho."

"Mwaka kesho hakuna atakayenilipia. Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema Lyle, na alikuwa akimsikia vizuri sana.

Kazini, msimamizi wake, Kip, kijana wa tai nyembamba, alikuwa amelisikia jambo la mtihani na kulifanya kitoweo cha chai. "Mpisheni wakili," alikuwa akisema kila Bernadine alipoingia chumba cha mapumziko. "Wakili, kahawa imekwisha, utatutetea?" Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaomwogopa bosi. Bernadine naye alicheka. Alipokuwa akipata kumi na tisa, maneno yale hayakumuuma. Sasa aliyabeba mpaka kwenye gari na kulia nayo, gari likiwa bado halijapata joto.

* * *

Siku ya mwisho ya kuahirisha mtihani ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Januari. Bernadine alikuwa ameufungua ukurasa wa kuahirisha kwenye simu tangu asubuhi. Alikusudia kubonyeza saa sita, wakati wa chakula, asije akaaibika bure Jumamosi mbele ya vijana wa umri wa bintiye.

Saa sita kasorobo alifika dirishani mama mmoja mzee, amevaa koti zuri la kanisani na kofia. Jina lake Estelle Gaither. Alikuwa ameikunja hati yake kwenye bahasha safi.

"Nimekuja kwenye shauri langu, mwanangu. Nimewahi."

Bernadine aliandika namba kwenye kompyuta. Aliisoma skrini, akaisoma tena. "Mama Gaither, shauri lako lilikuwa Jumatatu. Tarehe kumi na mbili."

"Hapana. Ni leo."

"Hakimu alikungoja, hukutokea. Ameamua bila wewe."

"Ni leo," alisema yule mama, kwa subira, kama anayemrekebisha mtoto. Alisukuma hati chini ya kioo. Tarehe kumi na mbili ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzito. "Mimi macho yangu hayasomi tena. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea. Tunakaa naye. Alisema kumi na nne, na mimi nimejiandaa."

Nyuma yake mstari ulianza kuguna. Mtu alisema kwa sauti kwamba wengine wameacha kazi.

"Pengine alikosea," alisema Bernadine.

"Yule hakosei kusoma. Anasoma chuo." Uso wa Mama Gaither ulibadilika polepole, na alishika ukingo wa dirisha. "Nilimpa fedha ya kodi akalipe," alisema, kwa sauti ndogo. "Na nilimwambia nitamweleza hakimu hivyo. Sasa nifanye nini?"

Ipo njia ya kumwomba hakimu afungue tena uamuzi kama ule. Bernadine aliijua, na fomu yake ilikuwa kwenye droo iliyogusana na goti lake. "Siruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria," alisema. Alimpa karatasi yenye anwani ya ofisi ya msaada wa sheria, akamzungushia namba ya simu kwa kalamu, akamwambia aende leo, sasa hivi, asipitie nyumbani kwanza. Yule mama alishukuru. Aliikunja karatasi vizuri ndani ya bahasha ileile na kuondoka, akiwapisha watu.

Bernadine alifunga dirisha. Alikaa na mkate wake kwenye ngazi za nyuma, simu mkononi, kidole karibu na kitufe. Hoja yake ilikuwa fupi: nimepata kumi na sita mwezi mzima, kwa hiyo sifai. Kwa mazoea aliitazama yenyewe, ameizuia akili isipite. Kila hoja ina jambo lisilosemwa ambalo imelikalia, na kazi ya mtihani ule ni kulitoa chini yake. Yake ilikuwa imekalia nini? Kwamba maswali yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli. Kwamba alijibu kwa dakika zilezile. Alijibu.

Kwamba aliyenisomea majibu alinisomea sawasawa.

Aliusukuma mkate pembeni. Hakutaka kuliamini. Alijaribu kuupita mstari ule aende kwenye mwingine, na hakukuwa na mwingine. Aliwasha gari bila kumuaga Kip.

* * *

Lyle alikuwa akimenya viazi. Hakutarajia mlango saa saba mchana.

"Umeumwa?"

"Lete kopo."

"Kopo gani?"

"Usinifanye mtoto, Lyle."

Alilishusha mwenyewe. Mgongo ulimzuia katikati, na mkewe hakumsaidia. Ndani mlikuwa na kurasa za majibu, zimepangwa kwa tarehe, na pembeni ya kila moja, kwa pensili, hesabu halisi. 22. 23. 21. 23. 24. Chini ya ile ishirini na nne alikuwa amepiga mstari mara mbili. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha, lakini alikuwa ameupiga.

Bernadine alizisoma zote akiwa amesimama na koti mwilini.

"Nilikuwa naona nimeanza kurukwa na akili," alisema. "Nilikuwa nasimama kwenye kioo bafuni najiuliza kama ni ugonjwa. Ule wa kusahau, wa mama. Ulijua hilo?"

"Sikujua la ugonjwa."

"Nililia kwenye gari! Kila siku! Halafu naingia unaniambia pole, kula. Leo nilikuwa nabonyeza, Lyle. Kidole kilikuwa hapa. Wewe ni mwizi, unajua? Mwizi anayepika."

"Najua."

"Kwa nini? Nipe sababu moja. Usiniambie mgongo."

Lyle aliketi. Mikono yake ilikuwa na maji ya viazi, akaifuta kwenye suruali. Mtu huyu hakuwa na ufasaha, na hakuwa amejitayarisha.

"Kabla ya vitabu hivi hatukuwa tunaongea," alisema. "Ukifaulu, vitabu vimekwisha. Jumatatu mpaka Alhamisi hutakuwepo. Ijumaa utalala. Jumamosi na Jumapili utasoma. Miaka minne. Nitakuwa na miaka sitini na mbili. Nitakuwa peke yangu humu ndani, Bernie, na baada ya hapo sidhani kama tutajua tena pa kuanzia. Ndiyo hivyo tu."

Bernadine alikuwa tayari kumjibu. Miezi minne alikuwa amefundishwa, na huyuhuyu, kuona mahali hoja inapobomoka, na aliipekua hii kwa hasira, mstari kwa mstari. Kuongea kungeendelea bila vitabu? Hakukuwahi kuendelea. Angerudi mapema? Saa tatu na robo, na barabara ya theluji. Angeacha kazi ya mchana? Wangekula nini? Alitafuta neno lililokuzwa, tarakimu iliyopotoshwa, jambo lisilosemwa. Kila kitu kilikuwa kimesemwa.

Lyle alikuwa akimtazama, akisubiri. Alizoea kumsubiri hivyo, pensili mkononi.

"Ni kweli," alisema Bernadine mwishoni. "Utakuwa peke yako."

Alingoja kwa hofu yeye mwenyewe kama atasema 'lakini'. Hakusema. Alizichukua kurasa zile, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Lyle alimaliza viazi, kwa kuwa alikwisha kuvianza.

* * *

Jumamosi Bernadine alikwenda peke yake. Kwenye chumba cha mtihani kulikuwa na vijana kumi na saba na yeye, na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Alifanya sehemu zote bila kuwa na mtu wa kumgeukia amwulize vipi.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu na nusu, siku ya kazi, kati ya mteja na mteja. Aliyafungua chini ya meza. Mia na sitini na moja. Alitazama kulia: Kip alikuwa akila chipsi na kusoma habari za mpira. Kushoto, dirisha namba mbili, mwenzake alikuwa na watu. Alifikiria kumpigia binti, akakumbuka Arizona bado ni mapema na binti yuko njiani kwenda kazini. Alipiga nyumbani.

"Haloo," alisema Lyle.

"Mia na sitini na moja."

Bernadine aliangalia kama simu imekatika.

"Umeisoma mwenyewe?" aliuliza Lyle.

"Nimeisoma mwenyewe."

"Hongera, Bernie." Alisema kwa moyo, ilisikika. Mkewe alisikia televisheni nyuma yake, kipindi cha kuuza sufuria. "Utarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, Lyle. Kama kawaida."

"Nauliza kuanzia Agosti."

Mtu alikuwa amefika dirishani na hati yake, anasubiri.

"Saa nne," alisema Bernadine. "Saa nne usiku."

"Haya," alisema Lyle. "Nitaacha taa."